Makanisa ya Unguja na Pemba yana deni kwa majirani zao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Wakristo wenzangu wa Unguja na Pemba. Najua kwamba wasomaji wako wengi ni ndugu zetu Waislamu, na sioni tatizo wakiyasikia tunayoambizana sisi kwa sisi. Naona ni vyema wayasikie, kwa sababu jambo ninalotaka lifanyike linawagusa wao hasa. Mimi ni muumini wa Kanisa Anglikana, nimesomesha skuli za Serikali hadi nilipostaafu, na kwa muda mrefu nimekuwa mjumbe wa halmashauri ya kanisa ninamosali. Huu ndio wakati ambapo makanisa mengi hukaa kupanga makisio ya mapato na matumizi ya mwaka ujao, na nisingependa maneno haya yafike baada ya makisio hayo kupitishwa.

Ombi langu ni moja. Kila kanisa la Visiwani, kubwa au dogo, litenge sehemu ya kumi ya sadaka zake kwa ajili ya watu wa shehia lilimo, yaani eneo dogo la utawala lililo chini ya sheha, ambao si waumini wake na ambao halitarajii wawe waumini wake, na limteue mtu wa kulisimamia fungu hilo kwa uangalifu ule ule tunaousimamia nao mfuko wa ujenzi. Tunawafundisha waumini, tena kwa mkazo, kwamba fungu la kumi si mali yao. Sioni ni kwa hoja gani Kanisa lenyewe, likishazipokea fedha hizo, litajiona limesamehewa wajibu huo.

Anayeyapitia makisio ya kanisa la kawaida hapa kwetu huona bila taabu moyo wetu uko wapi. Kuna fungu la ujenzi, ambalo halimaliziki, maana ukuta ukiisha huja paa, na paa likiisha huja vigae. Kuna spika na kinanda, sare za kwaya, nauli za wajumbe wa mikutano, mapokezi ya wageni, matengenezo ya nyumba ya padri na sherehe za kuadhimisha miaka ya kanisa. Sisemi kwamba haya hayana maana, kwa sababu paa linalovuja ni lazima lizibwe, padri ni lazima aishi, na kuimba vizuri ni sehemu ya ibada. Lakini fungu la kuwahudumia walio nje, pale linapokuwepo, huandikwa mwisho kabisa na kwa kiasi kidogo, na fedha zikipungua katikati ya mwaka ndilo hukatwa kwanza, wala halina wa kulilalamikia kikaoni kwa sababu wanaolihitaji hawamo kikaoni. Hata ule msaada tunaojivunia, wa kuwazuru wagonjwa na kuwafariji wafiwa, kwa sehemu kubwa huzunguka miongoni mwetu: jumuiya humtembelea mwanajumuiya, na kikundi cha akina mama humchangia mama wa kikundi. Ni jambo jema na lisiachwe, ila vikundi vya kuzikana vya mitaani navyo hufanya vivyo hivyo, na Bwana wetu alikwisha kutuuliza tunapata thawabu gani ikiwa tunawapenda wanaotupenda tu.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Padri Armand Fava wa Kanisa Katoliki na masista aliofuatana nao kutoka kisiwa cha Réunion walipofika Unguja mwaka 1860, miongoni mwa vitu vya kwanza walivyofungua ni hospitali na karakana za kufundishia kazi za mikono; lile kanisa la minara miwili ambalo leo kila abiria wa boti huliona anapoukaribia Mji Mkongwe lilikuja kujengwa zaidi ya miaka 30 baadaye. Wagonjwa walipata vitanda kabla waumini hawajapata minara. Waanglikana walifika mwaka 1864 wakiongozwa na Askofu Tozer, na wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliookolewa kutoka katika jahazi la watumwa. Hivyo madhehebu yote mawili makongwe ya hapa yalianza na watu ambao hakuna aliyewahitaji, na yalianza kwa kuwatibu, kuwalisha na kuwafundisha kazi.

Habari za Mkunazini, pale mjini palipokuwa na soko la watumwa, zinajulikana zaidi, lakini nadhani tunazisimulia nusu. Tunasema, na ni kweli, kwamba baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 soko la watumwa lilifungwa, kwamba jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa pale siku ya Krismasi ya mwaka huo huo, na kwamba Askofu Edward Steere aliyelisimamia jengo lile amezikwa nyuma ya altare yake. Mara chache tunaongeza kwamba sehemu ya uwanja ule ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo, na kwamba inasimuliwa kuwa saa ya mnara ni zawadi ya Barghash mwenyewe. Kanisa ambalo Waanglikana wa Zanzibar wanalihesabu kuwa mama wa makanisa yao limesimama, kwa sehemu, juu ya ukarimu wa majirani wa dini nyingine. Watalii huelezwa habari hizi karibu kila siku. Ningependa waumini nao wahubiriwe, tena wahubiriwe kama deni ambalo bado halijalipwa.

Nikitaja deni siwezi kumruka Askofu Frank Weston, aliyeiongoza Dayosisi ya Zanzibar tangu mwaka 1908 hadi alipofariki mwaka 1924. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, wanaume wa Unguja walipochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza kule Bara, hakubaki mjini kuwaombea kwa mbali, bali alifuatana nao akiwa mkuu wao. Mwaka 1920 aliandika kuipinga waziwazi serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi. Kisha mwaka 1923, mjini London, mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana waliokuwa wamepigania kwa miaka mingi uvumba, mavazi ya ibada na tabenakulo (kisanduku kitakatifu cha kuhifadhia mkate wa Komunyo), mambo ambayo yeye mwenyewe aliyapenda kwa moyo wote, aliwaambia kwamba hawawezi kudai kuwa wanamwabudu Yesu katika tabenakulo ikiwa hawamhurumii Yesu katika mitaa ya mafukara, na akawataka watoke wakamtafute katika watu waliovaa matambara, wanaodhulumiwa na waliokata tamaa. Aliyeyasema hayo alikuwa askofu wetu, na aliyajifunza hapa.

Kwa upande wa Pemba, Wakristo wa madhehebu ya Marafiki (Quakers) kutoka Uingereza walianzisha kituo chao Banani mwaka 1897, mwaka ule ule ambao utumwa ulifutwa kisheria Visiwani, ili watu waliopata uhuru bila ya ardhi wala ujira wapate mahali pa kufanya kazi kwa malipo. Sitaki kusema zaidi juu ya historia hiyo ya Pemba, kwa kuwa wenyeji wa kule wanaijua kuliko mimi, isipokuwa kwamba nayo inashuhudia jambo lile lile.

Je, tulifikaje hapa tulipo? Naona sababu tatu, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni uovu wa mtu.

Ya kwanza imo katika wema ule ule wa mwanzo. Naishi Mbweni, ambako katika miaka ya 1870 wamisionari waliwapa makao watumwa waliokombolewa, wakawajengea kanisa na skuli ya wasichana, wakawagawia viwanja vya kulima. Watu wale hawakuwa na pengine pa kwenda, na aliyewapokea alifanya la haki. Lakini vijiji vya namna ile vilikuwa na taratibu zake, mipaka yake na kengele zake, na mkaazi wake aliishi, akasoma, akaoa na kuzikwa humo humo. Wakristo wa Visiwani wakajizoesha tangu mapema kuwa na kila kitu chao ndani ya uzio wao, na mazoea hayo yamebaki ingawa vijiji vyenyewe vimekwisha kumezwa na mji.

Ya pili ni kwamba baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Serikali ilizichukua skuli za taasisi za dini, na tarehe 23 Septemba mwaka huo ikatangaza elimu bure kwa wote. Mimi ni tunda la uamuzi huo na sina neno la kuulaumu, kwani mtoto wa Zanzibar hakupaswa kulitegemea kanisa ili ajue kusoma. Ila Kanisa lilipopoteza skuli na huduma zake lilipoteza pia milango ambayo jirani asiyesali nalo alikuwa akiipitia. Tungeweza kutafuta milango mingine. Badala yake tulibaki na kile kilichokuwa kimebaki, yaani ibada, tukaridhika nacho.

Ya tatu ni hofu. Mwaka 2012 yako makanisa yaliyochomwa moto, na mwaka 2013 padri aliuawa kwa kupigwa risasi akienda kuadhimisha misa. Waliopitia miezi ile hawahitaji kukumbushwa jinsi ilivyokuwa. Tuliinua kuta, tukaweka walinzi na mageti ya chuma, na katika hali ile halikuwa jambo la kulaumiwa. Lakini geti lililowekwa kwa ajili ya usalama likishazoeleka huanza kutufundisha namna ya kuwatazama walio upande wa pili, na naogopa kwamba wako vijana katika makanisa yetu ambao wamekua wakijua jina la kila mwanakwaya na hawajui jina la imamu wa msikiti ulio hatua chache kutoka hapo.

Hofu hiyo nayo inafaa ipimwe kwa haki. Baada ya matukio yale wako majirani Waislamu waliokuja kutupa pole, na viongozi wa dini zetu wana kamati yao ya pamoja ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikishughulikia amani. Nawaheshimu kwa kazi hiyo. Lakini amani ya viongozi mezani haitoshi ikiwa waumini wao hawakutani kisimani, hospitalini na maziarani.

Sasa niseme kinachoweza kufanywa, kwa sababu sipendi barua inayohimiza bila kuonyesha.

Mlango wa kwanza ni kwa sheha. Yeye ndiye anayejua nyumba ipi ina mzee anayeishi peke yake, ipi ina mtoto mwenye ulemavu ambaye hajawahi kutolewa nje, ipi imefiwa na mwenye kuilisha. Nashauri kila halmashauri ya kanisa, kabla ya kupitisha makisio, imwalike sheha wa shehia yake aeleze kwa muda wa nusu saa shida za watu wake, na wajumbe wasikilize bila kumkatiza na bila kumpa ahadi. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeanza na haja za jirani, si na mawazo yetu juu ya haja zake, na jambo hilo peke yake litatuepusha na makosa mengi. Isitoshe, hakuna atakayeweza kusema kwamba kanisa limeingia mtaani kinyemela.

Naamini masheha wengi watawataja wazee kwanza. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi imekuwa ikitoa Pensheni Jamii kwa wazee waliofikia umri wa miaka 70, na ni jambo la kujivunia. Lakini mzee asiyeweza kutembea anahitaji mtu wa kumfikisha panapolipwa, mzee asiye na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi anahitaji mtu wa kumfuatilia, na mzee aliyekwisha kupokea fedha zake bado anahitaji mtu wa kumtekea maji, kumfulia na kukaa naye jioni moja kwa wiki. Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji watu wanaokuja siku waliyosema watakuja, na mwezi unaofuata wanakuja tena. Vikundi vyetu vya akina mama na vya vijana vina watu wa namna hiyo, na vina desturi ya kukutana kila wiki ambayo taasisi nyingi zingetamani kuwa nayo.

Kisha kuna damu. Hospitali zetu huihitaji mwaka mzima, na mwezi wa Ramadhani una ugumu wake, kwa kuwa aliyefunga haiwi rahisi kwake kutoa damu mchana. Hapo Wakristo wachache wa Zanzibar wana nafasi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuijaza kwa wepesi kama wao. Laiti kila kanisa la mjini na la shamba lingepanga na Benki ya Damu siku yake ya kuchangia katika mwezi huo, kila mwaka, pasi na bango wala wapiga picha, mama anayejifungua usiku wa Ramadhani angepata damu bila ya yeye kujua wala kuhitaji kujua ilitoka mkononi mwa nani. Katika yote niliyoyafikiria, hili ndilo linalonikaa zaidi moyoni, kwa sababu ni kitu tulicho nacho sote, tajiri na maskini, na hakimfungi mpokeaji kwa shukrani yoyote.

Kumbi zetu nyingi hufungwa tangu Jumatatu hadi Jumamosi, ilhali wanafunzi wa Kidato cha Nne wanatafuta mahali penye taa na utulivu wa kudurusu. Wazo la haraka ni kuzifungua, na kwa wazazi watakaoridhia zifunguliwe. Lakini nikisema kama mwalimu niliyewajua wazazi wa Kizanzibari kwa miaka mingi, wengi hawatapenda watoto wao waje katika uwanja wa kanisa usiku, na wana haki yao ya kutopenda. Basi walimu wetu waende kwenye skuli. Makanisa yetu yana walimu wa hesabati, wa fizikia na wa Kiingereza, wanaofanya kazi na waliostaafu. Waombe ruhusa kwa mwalimu mkuu, wasomeshe masomo ya ziada katika darasa la Serikali, mlango ukiwa wazi na mwalimu wa skuli akiwepo. Anayetaka kutumikia haoni taabu kwenda kwa anayemtumikia.

Wakati wa masika, mitaa ya mabondeni mjini hujaa maji, na eneo la Mwanakwerekwe linajulikana kwa hilo nchi nzima. Hapo haja ni ya watu wenye mabuti na makoleo wa kuzibua mitaro kabla ya mvua, na wa kuhamisha magodoro na vyombo mvua inapokuwa imekwisha kunyesha. Pia wako vijana wetu wanaohangaika na dawa za kulevya, wanaokwenda kila siku kwenye kliniki ya methadoni ya Kidongo Chekundu na ambao wakishapata nafuu hawapati wa kuwaajiri. Wakristo wenye karakana na maduka wanaweza kuwapokea wawili watatu wakajifunza kazi.

Kwa makanisa yale ya kihistoria ambayo watalii huyatembelea kwa kiingilio, nina neno la pekee. Mgeni hulipa ili aoneshwe mateso ya watu waliouzwa. Ni haki sehemu ya fedha hiyo iwafikie wale ambao leo wanafanyishwa kazi bila ya malipo stahiki, na nawafikiria hasa wasichana wa kazi za ndani, wengine wakiwa bado na umri wa kuwa skuli, walioletwa mjini kutoka mashamba au kutoka Bara na ambao hawana pa kulalamikia. Tuanze na wale waliomo ndani ya nyumba za Wakristo, tuhakikishe wanalipwa, wanapumzika na wanasoma. Hatuwezi kuulinda ukumbusho wa minyororo tukaliacha hilo.

Nisiwasahau ndugu zetu waliotoka Bara kufanya kazi katika mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa, Paje na kwingineko pwani. Wao ni sehemu kubwa ya sharika za huko, na maisha yao si mepesi: wanalala chumba cha kupanga kijijini, wanafanya kazi zamu ndefu, Jumapili wanasali kama zamu inaruhusu, na wengi wanahesabu miezi iliyobaki kabla ya kurudi kwao. Kijiji huwa kwao ni mahali pa kulala tu. Ndipo wanakijiji nao huwaona kama watu wanaokuja kuchukua na kuondoka. Ningewaomba mapadri na wachungaji wanaowahudumia wawafundishe kuwa wanakijiji kwa muda wote watakaokuwepo: wahudhurie maziko ya jirani na kusimama pembeni kwa adabu, wavae kwa kuiheshimu desturi ya mahali wanapopita mitaani, watoke siku ya usafi wa kijiji na jembe mkononi, wajue majina ya akina mama wanaolima mwani mbele ya hoteli wanazofanyia kazi na wajue pia kwamba joto la bahari limeiharibu ile aina ya mwani yenye bei nzuri. Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliopelekwa mbali na kwao, kule Babeli, wajenge nyumba, wapande bustani na kuutakia amani mji waliomo, maana amani ya mji huo ndiyo amani yao. Aliwaandikia hivyo watu waliopelekwa kwa nguvu. Sisi tuliozaliwa hapa, au tuliokuja kwa hiari yetu, tutajitetea kwa lipi?

Yote haya yana sharti moja ambalo likivunjwa ni afadhali yasifanyike kabisa. Huduma isiwe chambo. Katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 90 ya watu wake ni Waislamu, jirani ana sababu ya kuuliza unga huu una nini ndani yake, na jibu letu lazima liwe la kweli: hauna kitu. Kusiwe na vipeperushi ndani ya mfuko wa mchele, wala fulana zenye jina la kanisa, wala kuwaalika waliosaidiwa waje watoe shukrani Jumapili, wala kumsogelea mtoto bila ya ridhaa ya mzazi wake. Tukitaka kuchangia futari ya wenye shida, tutoe mchele, sukari, tende, unga na mafuta, tumkabidhi sheha au kamati ya msikiti wagawe wao, ili pasiwe na mtu wa kuitilia shaka sufuria iliyopikiwa. Mtu akituuliza kwa nini tunafanya hivi, tumjibu bila kuficha kwamba tumeamriwa na Bwana wetu, kisha tuendelee na kazi.

Najua wako watakaosema kwamba nimeiacha Injili, na kwamba kazi ya Kanisa ni kuhubiri, si kuzibua mitaro. Kwa heshima zote nawajibu kwa habari ya wale wenye ukoma kumi. Bwana aliwaponya wote, akarudi mmoja tu kumshukuru, naye akauliza wale tisa wako wapi. Lakini hakuwarudishia ukoma wao. Uponyaji wao ulikuwa halali yao hata waliposhika njia yao. Kama yeye aliweza kutoa bila kudai mtu arudi, mtumishi wake hawezi kuweka masharti ambayo bwana wake hakuyaweka.

Wengine watasema sisi ni wachache na maskini. Uchache wetu ni kweli. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na ingawa sensa za nchi yetu haziulizi dini tangu ile ya mwaka 1967, kila mwenye macho anajua kwamba Wakristo ni sehemu ndogo ya idadi hiyo. Lakini ombi langu si la kuihudumia Zanzibar nzima. Ni shehia moja kwa kanisa moja, na ni sehemu ya kumi ya kile kilichopo, kiwe kingi au kidogo. Kanisa la Wete au la Chake Chake lenye familia chache, likimhudumia mzee mmoja mwaka mzima bila kuchoka, litakuwa limetimiza yote ninayoyasema hapa, na huenda limetimiza kuliko kanisa la mjini litakalotoa magunia siku moja na kupumzika hadi mwaka mwingine.

Nawaomba maaskofu wetu, Waanglikana, Wakatoliki na Walutheri, pamoja na wachungaji wa madhehebu mengine, walipeleke jambo hili kwenye vikao vyao kwa maandishi, na wawatake mapadri na wachungaji waeleze kila mwaka wamefanya nini nje ya uzio, kama wanavyotakiwa kueleza idadi ya waliobatizwa na waliopewa kipaimara. Na jirani zangu Waislamu, ambao tangu madrasa mmefundishwa haki za jirani, nawaomba mtwambie bila kuoneana haya pale mnapoona tumekosea adabu, na mkubali kufanya nasi kazi zile ambazo zinafaa kufanywa pamoja.

Katika kanisa ninamosali nitaliwasilisha pendekezo hili kwenye kikao cha halmashauri cha Desemba. Nitaomba fungu la shehia liandikwe juu ya fungu la ujenzi katika karatasi ya makisio, nitaomba sheha aalikwe kabla hatujapiga kura, na nimekwisha kuwauliza wenzangu wawili wa rika la kutoa damu wawe tayari kuiandaa orodha ya Ramadhani.

Mwalimu mstaafu,
Mbweni, Unguja.